Majani Matano Mlangoni

Majani yalikuwa matano, mekundu, yamezunguka duara kwenye mlango wa gari jeupe. Peres aliyajua vizuri, maana gari hilo lilikuwa limeegeshwa nje ya ploti yao Kangemi kwa siku ya tatu sasa, na ndani yake mwanamume aliyeshinda akitazama simu.

Nani asingeogopa? Mwanawe Lenox alikuwa ameweka mtandaoni kibonzo cha mkubwa fulani, na vijana wenye makosa madogo kuliko hilo walishabebwa mchana peupe kwa magari meupe. Wengine hawajaonekana hadi leo.

"Hiyo alama ni ya watu wabaya," alisema Zachariah, ndugu mgeni wa kanisani kwao, mpole, mwenye kuomba kwa machozi. "Kijana atoke leo, Mama. Nitampeleka mwenyewe kwa dada yako kule Mutuini. Gari yangu iko nyuma ya soko."

Walipita uchochoroni, roho mkononi. Kabla mtoto hajapanda, Peres alilizunguka gari la Zachariah. Mbele safi, nyuma safi. Milango myeupe, hakuna jani, hakuna duara. Akashusha pumzi. Kisha, kama wafanyavyo kwao mtu akisafiri, aliweka kiganja mlangoni akaomba Mungu amfunike mwanawe. Alipokiondoa kilinata kidogo. Akakipangusa kwenye leso, akapunga mkono mpaka gari likapotea.

Akatembea hadi Kitisuru alikokuwa akifua nguo. Hata karai hakuligusa. Alimtafuta Anita, binti wa mwenye nyumba, aliyesoma Japani miaka minne na hakosi kujua mambo, akamwonyesha kwenye simu picha aliyoipiga ya ule mlango wenye majani.

Anita alitabasamu. "Auntie, hii ni alama ya mji tu. Huko Japani kila mji, hata mdogo, uko na yake, hadi kwa bendera. Hizi majani tano nadhani ni vijiji tano ziliungana zikawa mji moja. Duara ni amani. Labda hiyo gari ilikuwa ya kupeleka wazee hospitali."

"Na mbona iko Kangemi?"

"Si tunanunua magari zao zikiwa zimetumika? Zinakuja na stika zao. Na si hizo ni trei kwa dirisha? Mtu wa kuuza mayai hajali stika, anaiacha hapo tu."

Mtu wa mayai! Kumbe zile trei alizoziona nyuma ya kiti. Peres aliketi chini akacheka hadi machozi, aibu na furaha pamoja. Siku tatu hajalala kwa ajili ya mayai. Akampigia Lenox amwambie arudi nyumbani. Simu ilikuwa imezimwa. Chaji labda, kijana huyo na chaji ni paka na panya.

"Na nani hujali?" aliuliza, bado akijifuta macho.

"Mwenye hataki gari yake ikumbukwe," Anita alisema. "Huyo anabandua stika siku ya kwanza. Lakini gundi yake ni ngumu kutoka. Ile duara inabaki kwa mlango, huioni, lakini inanata."

Peres aliacha kucheka. Akageuza kiganja cha mkono wa kulia, polepole. Vumbi la njiani lilikuwa limeshika katikati yake, likachora nusu duara.