Mto wa Tatu

Kwa miaka mingi Hamdani alilala ameegemea mito mitatu, la sivyo pumu ingemkaba. Kisha maradhi yakawafungia watu ndani, magari yakatoweka barabarani, moshi ukakatika, naye akaanza kulala chali kama mtoto. Mkewe, Siwatu, akaufumua mto wa tatu, kwa kitambaa chake akashona barakoa, sufi akaitia kapuni.

Siku ya kufunguliwa, honi zililia tangu asubuhi na majirani wakapiga vigelegele.

"Siwatu, njoo uone! Mji umefufuka!" Hamdani aliita dirishani huku akicheka, kisha akakohoa. Kidogo tu.

"Nakuja, mume wangu."

Hakwenda. Aliitoa kanga mpya aliyoiweka kwa siku ya kutoka, akaipima juu ya mto wa Hamdani, akachukua mkasi.