Kibuyu cha Bi Sikudhani

Zamoyoni hakuweza kukaa. Alizunguka meza ya maabara, akarudi kwenye kompyuta, akasoma tena majibu yaleyale. Alikuwa akitafuta vijidudu vya msingi vya maziwa ya mgando ya mji ule, yaani vile vinavyopatikana katika kibuyu cha kila nyumba. Kimoja alikikuta kote, isipokuwa kwa Bi Sikudhani, mama mkwe wake.

"Kiache nje hicho kibuyu," mwenzake Hemedi alisema. "Au tuseme vya msingi ni vile vya nyumba nyingi, si lazima zote. Mstari tunauchora sisi."

"Na yeye atakuwa upande gani wa mstari?"

Zamoyoni akachukua chupa safi, akaenda kuomba maziwa mengine apime upya.

Bi Sikudhani alimsikiliza huku amekikumbatia kibuyu chake, alichokuja nacho alipoletwa bibi harusi kutoka mbali. "Tangu niolewe hapa naitwa mgeni," alisema. "Sasa hata maziwa yangu yanasema hivyo?"

"Hapana, mama. Maziwa yanasema..."

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa aliyopewa na jirani. "Nikiyatia haya humu, nitahesabiwa na wenzangu?"

"Utahesabiwa," Zamoyoni alijibu kwa sauti ndogo, na kabla hajajua anafanya nini, kiganja chake kilikuwa kimeziba mdomo wa kibuyu. Kikombe kilibaki kimeinama hewani, na tone la kwanza likamdondokea vidoleni.