Sheria ya Sahani Moja

"Kuku yako imekula muchele yangu yote!"

"Mama Naimah, mimi niko na kuku gani? Ya mwisho niliuza mwezi jana, mutaa muzima inajua."

"Basi ni muzimu ya ile kuku!"

Watu waliokuwa wakielekea soko la Mpondwe wakasimama. Ugomvi ni burudani ya bure, na wa Hajara, huyo Mama Naimah muuza mchele wa hapo Bwera, haukosi chumvi. Alisimama mlangoni pake, mtandio umeteleza, kidole kikimchoma Eseza hewani.

Eseza alikuwa na sufuria kichwani, uji wa soya wa kikundi cha huruma cha kanisa. Vikongwe na wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wakiungoja kwenye vibanda vya mpakani, wengine hawawezi hata kuketi. Yeye mwenyewe hakuwa ameulamba hata mwiko. Chakula cha wagonjwa ni cha wagonjwa. Aliitua sufuria, akashika nguzo ya baraza asianguke.

Hii ilikuwa mara ya nne wiki hii. Jumatatu Hajara alidai nyimbo za Eseza zinampasua kichwa. Jumanne, maji ya kufulia yamepita mlangoni pake. Jana, eti Eseza amemsalimia vibaya. Amemsalimia vibaya! Miaka tisa wamekaa ukuta kwa ukuta, wakiombana moto na chumvi, na sasa mwanamke huyu ameingiwa na nini?

Na kanuni ya kikundi ilikuwa wazi: asiyeelewana na jirani hawezi kukiongoza. Eseza akitolewa, kitakwenda kwa mwenzake Jolly, na Jolly hapeleki uji kwa mtu. Atakaa kanisani na viatu vyake vya visigino virefu, mwenye njaa ajilete. Mgonjwa kama Bulandina, ambaye miguu yake ilishakufa, atajiletaje?

"Mumuite Cheyamani!" mtu akapiga kelele.

Tsongo, mwenyekiti wa mtaa, alifika anatafuna muwa. Nyuma yake alikuja Pasta Nobert mwenyewe.

"Sheria munaijua," Tsongo akasema, akitema makapi.

Dawa yake ya ugomvi ilikuwa moja tu, aliitoa kwao Munkunyu: waliogombana wale sahani moja, nyumbani kwa aliyelalamika. Sahani ikibaki na kitu, ugomvi haujaisha.

"Cheyamani, ni kila siku!" Eseza alikaribia kulia. "Ananikalisha pale, yeye anamega tonge mbili tu, halafu ananitazama kama polisi mpaka nimalize. Na wagonjwa wako kule wananingoja! Pasta, sema kitu!"

Pasta Nobert alitazama viatu vyake.

"Leo uji nitapeleka mimi," akasema. "Sheria ni sheria, mama."

Basi imekwisha, Eseza akawaza. Leo uji, kesho kikundi chenyewe. Alikaza kitenge chake, ambacho siku hizi kilimzunguka mara mbili, akapita mbele ya Hajara bila kumtazama, akaenda nyuma ya nyumba kunawa mikono.

Watu wakatawanyika wakicheka. "Wanawake hawa watatuua!" mmoja akasema.

Pasta akaiinua sufuria, akamsogelea Hajara.

"Uko na hakika?" akanong'ona.

"Nimechungulia jiko yake. Majivu ni ya Jumapili. Na ukimupa, anasema ameshakula." Hajara alijipangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini kesho ni Ijumaa, Pasta, mimi niko musikitini. Kesho mugombane weye na yeye."

Kisha akageuka, akakunja uso, akapaza sauti mpaka barabarani:

"Weye Eseza! Unanawa mikono ama unaoga? Ingia, tukule!"