Profesa Nje ya Lango

"Bila kadi huingii, Profesa," Kimeu akasema, akakishusha chuma cha lango taratibu, kama mtu anayefunika sufuria ya muthokoi.

Profesa Muthoka, mkuu wa kitivo cha sayansi, akateremsha kioo cha gari. "Mzee Kimeu, kwani hunijui?"

"Nakujua sana. Hii barua ndiyo haikujui."

Barua ilikuwa imebandikwa kwenye kibanda cha mlinzi: asiye na kadi ya kazi haingii, hata awe profesa. Chini kulikuwa na sahihi ya Muthoka mwenyewe, aliyoiweka mwezi jana baada ya chupa za spiriti kuibwa.

Wanafunzi wakaanza kusimama. "Leo Prof amefeli mtihani wake mwenyewe," mmoja akasema.

Lakini Kimeu hakuwa anacheza. Saa tatu hiyo wakubwa walikuwa wanaketi kufunga maabara ya kemia, jengo lipewe mtu wa supamaketi. Winfred, marehemu mke wa Kimeu, aliosha chupa za maabara hiyo miaka kumi na tisa, na kazi akamwachia Mwongeli, binti yao. Chuo kizima kilijua mambo mawili: maabara haifungwi bila Muthoka kuketi na kutia sahihi, na akitia, unaibu wa makamu mkuu wa chuo ni wake. Akikataa, hata hicho kitivo wanamnyang'anya.

Wakubwa ni hivyo, Kimeu aliwaza. Mtu anatoka Muthetheni na viatu vya kuazima, anasomea kemia humu humu, anaifundisha miaka ishirini na sita, halafu anauza meza aliyosomea ili apate kiti kikubwa.

"Si upige simu uletewe kadi," akasema, akijua ikiletwa ameshindwa.

"Simu imezima," Profesa akajibu, kwa sauti ya kufika mpaka madirishani. "Na kadi iko nyumbani, Kyumbi. Mzee, unaniharibia kazi."

"Kazi wameiharibu wengi, Profesa. Mimi nafunga lango tu."

Simu ya kibanda ikalia. Alikuwa Ndanu, karani wa makamu mkuu. "Mzee, mfungulie. Mwenyekiti wa mkutano amekasirika huku."

"Niletee barua yenye muhuri, mama. Sauti ya simu siwezi kuiweka kwa faili."

Barua ikaanza kuchapwa. Mashine ikaisha wino. Mwenye muhuri naye alikuwa ameenda kunywa chai. Profesa akahamia benchi ya kibanda, akalalamika mara mbili tatu kila mtu asikie, kisha akaomba chai ya Kimeu na kunywa vikombe viwili.

Saa tano kasoro, mwenyekiti, mtu wa kutoka Nairobi, akapita na gari lake kubwa akienda zake, bila kumtazama mtu. Ndanu akapiga tena: mkutano umesukumwa hadi kesho, saa tatu vile vile.

Kimeu akasimama wima, akingoja kuambiwa avue sare. Profesa akainuka, akajipangusa suruali, akamsogelea mpaka sikioni.

"Kesho asubuhi ni zamu yako," akanong'ona, "ama niongee na mkuu wa walinzi akupange?"