Mtu wa Juu

Mtu wa Juu alikuwa amekwama kwenye ngazi.

Frouke aliusoma ujumbe wake mara tatu kwenye kompyuta ya jikoni, miwani ikimteleza puani. "Kila nikijaribu kushuka, nagonga kitu nisichokiona." Hakuna salamu, hakuna jina la kweli. Lakini nani mwingine angeandika hivyo? Akainua macho kutazama dari. Huko juu mumewe Berend alikuwa na redio yake na kompyuta yake, na mlango ameufunga.

Miezi saba sasa. Walikosana kwa sababu ya harusi ya binti yao, ambayo Berend alikataa katakata kuhudhuria, na Frouke akaenda peke yake. Tangu siku hiyo mume huyo alishuka kula tu, akasema "chumvi", akasema "asante", akapanda zake. Frouke alikuwa mpweke kiasi cha kuzungumza na birika, na birika angalau lilijibu.

Aaltje, jirani wa ukuta mmoja, ndiye aliyemburuta kwenye darasa la Alhamisi pale maktaba ya mtaa. Walifundishwa programu nyepesi ya kutengenezea michezo ya kompyuta, ile ya wanaoanza. Kila kazi iliwekwa kwenye ukurasa wa maktaba, watu wa mtaa wakaicheza na kuacha neno. Sheria ilikuwa moja: majina ya kujibandika tu, kwa kuwa watoto nao walikuwamo. Aaltje alitengeneza bata wanaoogopa mkate, na hakuna aliyewajali. Frouke akatengeneza nyumba yake.

Aliichora yote: ngazi nyembamba, kidato cha tatu kinacholia, jiko linalotazama mfereji, na mwanamke mwenye vikombe viwili vya kahawa. Mchezaji alikuwa mwanamume aliye ghorofani. Kazi yake ilikuwa kushuka tu. Kisa cha ugomvi Frouke hakukiweka. Mwenyewe alikijua.

Siku ya pili tu, mtu aliyejiita Mtu wa Juu aliandika: "Kidato hicho nakijua. Kinalia hivyohivyo." Frouke alishika kifua.

Na sasa alikuwa amekwama.

Aaltje aliingia kwa mlango wa nyuma, akafungua kabati la pili na kuchukua kikombe bila kuuliza, kwa kuwa hata kwake vikombe hukaa humo. Akainama kwenye kompyuta, akabofya mara mbili tatu, akacheka mpaka akakohoa.

"Shoga, umesahau ukuta! Ule usioonekana tuliofundishwa wiki ya kwanza. Umeuweka pale juu, hukuufuta. Huyo maskini atashukaje?"

Frouke naye akacheka, machozi yakamtoka. "Na mimi nikadhani ananieleza ya moyoni mwake."

"Nani?"

"Berend."

Aaltje alikoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia kitu. "Una bahati wewe. Wangu anashinda juu na stempu zake. Sura yake nimeshaanza kuisahau."

"Mpigie kelele ashuke."

"Nimpigie kelele Lammert? Heri nilipigie kabati!"

Walicheka tena, kidogo zaidi ya ilivyostahili. Jirani alipoondoka, Frouke aliufuta ule ukuta.

Jioni ile Mtu wa Juu aliandika: "Sasa hakuna kinachonizuia ila mimi mwenyewe." Akaongeza kwamba amefika jikoni, na mwanamke wa kwenye mchezo alipomuuliza kama anataka maziwa, alijibu ndiyo, mengi. Frouke alikunja uso. Berend hakuwahi kutia maziwa kwenye kahawa tangu wajuane. Kisha akatabasamu. Ananitania, mzee huyu. Mwenye njaa hana miiko.

Ijumaa alikusanya ujasiri, akamwongezea yule mwanamke sentensi moja: "Kesho saa nne asubuhi, njoo kweli, si kwenye mchezo."

Jibu lilikuja kabla viazi havijaiva. "Nitashuka. Nimechelewa sana. Nisamehe."

Frouke alizima jiko, akaketi, akalia kwa furaha kama msichana, yeye mwenye miaka sitini na minane. Wakati wa chakula Berend alisema "chumvi", naye akampa chumvi bila kumtazama, asije akamharibia.

Jumamosi alivaa blauzi ya buluu aliyoipiga pasi. Alinunua keki mbili za lozi, akaondoa gazeti kwenye kiti cha Berend. Dakika tano kabla ya saa nne alimimina kahawa, nyingine akaimwaga mezani, akaifuta.

Saa nne kamili nyayo zilisikika kwenye ngazi. Zilikuja polepole, kidato kimoja baada ya kingine, za mtu mzito anayejishikilia. Frouke alisimama, akatazama mlango wa jikoni.

Nyayo zikafika chini. Mlango wa jikoni haukufunguka. Juu ya kichwa chake redio ya Berend ilikuwa bado ikisoma hali ya hewa, na kiti chake kikalia alipojigeuza.

Kisha sauti ya mwanamume ikapenya kwenye ukuta, ule wa tofali moja.

"Nimeshuka, Aaltje," Lammert alisema. "Kama ulivyoniomba kwenye mchezo wako."

Upande wa pili kiti kikavutwa.

"Kaa basi, mume wangu," akasema. "Nilidhani hutakuja."