Mtama wa Njiwa

Nyumba ya Njiwa ilikuwa ikivuja, na ndani mlikuwa na mayai mawili. Akamlipa Mnana, fundi wa kusuka viota, debe zima la mtama kabla hajashika hata unyasi mmoja. Mnana akapotea.

Masika yalipoanza, Njiwa alimkuta juu ya paa la Chiriku.

"Usinione mwizi, dada," Mnana akasema kwa aibu. "Chiriku alinilipa mwaka jana, malipo yake nikamalizia nyumba ya Hondohondo. Mtama wako ndio unamalizia hapa. Nikipata mteja mwingine tu, naanza kwako."

Njiwa akarudi kuyafunika mayai kwa mabawa. Kware akapita, akauliza, "Jirani, huyo Mnana ni fundi wa kuaminika?"

Mvua ilimtiririka Njiwa mgongoni.

"Kazi yake nzuri," akajibu, akitazama pembeni. "Mlipe yote kwanza, asije akakawia."