Jezi za Dagaa

Jezi ishirini na tano zilitoka kwa fundi asubuhi ya mchezo wa kwanza, na kifuani mwa kila moja palikuwa pameshonwa neno moja: DAGAA.

Yasuji, mrusha mpira wa timu, aliigeuza yake mbele na nyuma, labda kosa lingekuwa upande mmoja tu. "Bi Kinuyo," alisema, "tukiingia uwanjani na hizi, si tutaliwa?"

Kinuyo, karani pekee wa timu, alimwambia jezi ni jezi, avae. Lakini kila mara alichungulia mlangoni, maana bosi alikuwa njiani kutoka stesheni.

Bwana Muraoka, mwenye mabasi yote ya Hamanoura na sasa mwenye timu ya besiboli ya kulipwa, alikuwa Tokyo wiki mbili akiiandikisha timu kwenye ligi. Akiwa huko alimtumia Kinuyo telegramu ya kutaja jina ili jezi zishonwe. Alitaka Tai, ndege wa kuheshimika. Sasa, kwa Kijapani tai ni "washi", na dagaa ni "iwashi". Telegramu huja maneno yakiwa yamebanana bila nafasi, na neno lililotangulia liliishia na "i". Mji mzima unaishi kwa kukausha dagaa. Mtu wa hapa akiona herufi hizo, atasoma nini kingine?

Bosi hakutaka kusikia habari za herufi. Alisimama mbele ya bango la dagaa anayetabasamu, masikio yakamwiva.

"Nilitaka wapinzani watetemeke," alisema polepole. "Sasa watatafuta wali. Mchezo ukiisha, kusanya vitu vyako."

Kinuyo aliinama, akaomba radhi mara tatu. Alikuwa mjane mwenye mama mzee wa kumtunza, na mwaka ule wa 1950 kazi ya ofisini ilikuwa haiokotwi njiani. Roho ilimuuma, lakini hakubishana.

Wageni walipoziona jezi walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja wao alitoa vijiti vya kulia akawa anavinoa mbele ya Yasuji, akiuliza kama amekaangwa au amechomwa.

Kisha milango ikafunguliwa, na bosi akasahau hasira kwa muda. Watu wa bandarini, ambao mwezi mzima walikuwa wakizipita tiketi zake kama hawazioni, waliingia kwa mamia. Wanawake wa vichanja vya kukaushia walikuja na aproni zao na sufuria za kupiga. Kila Yasuji alipomtoa mpigaji, jukwaa zima lilimpa pole mgeni kwa kukwamwa na mwiba. Yule mwenye vijiti alitolewa mara tatu. Dagaa wakashinda, nne kwa tatu.

Bi Otatsu, mkubwa wa wanawake wale, alimfuata bosi mpaka kitini pake.

"Baba, umetuheshimu," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi mtajiita jina la ndege fulani wa kujivuna. Tai, kwa mfano. Yule mwizi anatuibia samaki kichanjani kila siku. Tungekuja, ndiyo, lakini na mawe."

Bosi alikohoa. Alikohoa tena, akasema kwamba yeye huwafikiria wananchi kwanza.

Alipomkuta Kinuyo ofisini akifunga vitu vyake kwenye kitambaa, alimwamuru avifungue. Kusoma vibaya si dhambi, alimwambia, na kosa lile limewaletea baraka. Ila kule Tokyo timu bado iliandikwa Tai, kwa hiyo akimbie posta kabla haijafungwa. Kinuyo aliinama mara moja tu, akatoka mbio, na furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake njiani.

Ozeki, karani wa posta, aliisoma karatasi taratibu: FUTENI TAI. ANDIKENI DAGAA. Akamtazama kwa juu ya miwani.

"Dada Kinuyo, si ndiyo hii hii uliyoituma wiki mbili zilizopita, siku ile niliyokukabidhi telegramu ya bosi?"

"Ndiyo hiyo, kaka," alisema Kinuyo. "Ligi waliikataa, wakataka neno la mwenye timu. Leo anatuma mwenyewe."